Sikio la Kikongwe: Tukio, Uamuzi na Hatima katika Ngano ya Masala Kulangwa na katika Historia ya Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Utangulizi

Ngano inayojulikana sana kati ya ngano za Wasukuma huanza kwa tukio lisilomwachia mtu nafasi ya kuchagua. Jitu liitwalo Shing'weng'we linawameza watu wote pamoja na mifugo yao. Anasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika lundo la pumba. Anajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, jina ambalo hufafanuliwa kuwa ni la mtu mwerevu, aelewaye mambo upesi. Mtoto anapokua anamwuliza mama yake watu wengine wako wapi. Akiisha kuelezwa, anaingia porini kumtafuta Shing'weng'we. Anaua panzi, anarudi nyumbani kwa shangwe akidhani kazi imekwisha. Mama anamwambia kuwa huyo ni panzi tu. Anaua ndege, kisha wanyama wakubwa zaidi, na kila mara jibu la mama ni lile lile, mpaka siku anapomuua Shing'weng'we mwenyewe. Anapasua tumbo la jitu, na baba yake, jamaa zake, watu wote na ng'ombe wao wanatoka wakiwa hai.

Hapo hadithi ingeweza kwisha, lakini haikomi. Katika kupasua, kisu kinakata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwa tumboni pamoja na wengine. Bibi huyo anakasirika, na anaazimia kumroga kijana aliyemwokoa.

Insha hii inahusu sikio hilo. Inachunguza namna tukio la maisha linavyoelekeza uamuzi wa mhusika na kuamua hatima yake katika hadithi fupi ya masimulizi, na inaisoma ngano ya Masala Kulangwa sambamba na historia ya eneo linaloisimulia: Shinyanga na nchi ya dhahabu inayoanzia Kahama na kufika Geita. Hoja yake ni kwamba tukio kuu la ngano hii si kumezwa kwa watu wala kuuawa kwa jitu. Tukio kuu ni jeraha dogo lililotokea bila kukusudiwa, kwa sababu ndilo pekee linalomlazimisha shujaa kuamua atakuwa mtu wa namna gani. Aidha, insha inadai kwamba katika kipindi cha takribani miaka 60 iliyopita ngano hii imeshindana na aina nyingine ya hadithi fupi, yaani ramli, ambayo hupanga tukio, uamuzi na hatima kwa mfuatano uliopinduliwa. Ushindani huo haukuwa wa kifasihi tu. Uligusa uhai wa watu.

Ngano na hadithi fupi

Huenda msomaji akauliza kama ni halali kuiita ngano hadithi fupi. Mulokozi (1989), katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi uliochapishwa katika jarida la Mulika, anaiweka ngano miongoni mwa tanzu za masimulizi zenye kanuni zake, na hakuna haja ya kuufuta mpaka huo hapa. Kinachoziunganisha ngano na hadithi fupi andishi ni uchache wa muda. Riwaya huweza kulichukua tukio moja na kulifuata kwa miaka mingi. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, binti anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya kijana, kisha msomaji anamfuata Rosa shuleni, chuoni na hatimaye katika kifo cha kujiua. Kipigo kile kinapewa muda wa kuota mizizi, na mtu anaweza kubishana kama hatima ya Rosa ilitokana nacho au ilitokana na mambo mengine kumi yaliyofuata. Hadithi fupi haimpi msomaji nafasi ya kubishana hivyo. Tukio likishatokea, uamuzi unadaiwa papo hapo, na hatima huonekana kabla msimulizi hajanyanyuka kitini.

Kuhusu matini yenyewe, ngano hii husimuliwa kwa Kisukuma na ina matoleo mengi. Miongoni mwa walioihifadhi na kuieneza kwa maandishi ni watafiti wa Kisukuma waliofanya kazi na padre Donald Sybertz katika parokia ya Ndoleleji, Shinyanga. Mwaka 1996, Joseph Healey na Sybertz waliitumia katika kitabu chao cha teolojia ya masimulizi ya Kiafrika, wakimlinganisha Masala Kulangwa na Kristo mshindi. Ulinganisho huo una mantiki yake: mtoto aliyezaliwa katika maficho anashinda mauti na kuwatoa waliomezwa. Hata hivyo, kwa maoni ya insha hii, kila usomaji unaotilia mkazo ushindi hulazimika kulipita sikio kwa haraka. Mkombozi anayemjeruhi anayemkomboa ni mhusika mgumu kumweka madhabahuni.

Sikio

Tukiyapanga matukio ya ngano kwa mfuatano wake, tunaona kwamba mengi hayamdai mhusika uamuzi wowote wa kweli. Watu wanamezwa, hawakushauriwa. Mama anajificha, na hapo kuna uamuzi, lakini ni uamuzi wa kiumbe yeyote anayeikimbia hatari. Mtoto kumwendea adui ni wajibu unaotarajiwa na hadhira tangu sentensi ya kwanza. Hakuna msikilizaji anayedhani kwamba atabaki nyumbani. Vladimir Propp, aliyechanganua ngano za Kirusi mwaka 1928, angeweza kuliweka kila tukio la sehemu hii katika orodha yake ya majukumu ya wahusika bila taabu. Upungufu unaondoka, adui anashindwa, shujaa anatunukiwa. Sikio halina mahali katika orodha hiyo.

Kwanza, tukio la sikio halina nia. Masala Kulangwa hakumwona bibi kizee, na kisu kilichomkata ndicho kilichomfungulia njia. Kuokolewa na kujeruhiwa kwake ni kitendo kimoja cha mkono mmoja. Pili, hasira yake ina sababu. Hili ndilo jambo ambalo wahakiki wengi wa ngano hii hawalipi uzito. Msimulizi hasemi kwamba palikuwa na mchawi tumboni mwa jitu. Anasema palikuwa na bibi kizee, akakatwa sikio, akakasirika, na ndipo akataka kuroga. Jeraha linatangulia uchawi. Tatu, shujaa anawekwa katika hali ambayo ujasiri wake haumsaidii. Hawezi kumwua bibi kizee kama alivyomwua jitu, kwa kuwa amekuja kuwatoa watu, naye ni mmoja wao.

Katika masimulizi yanayojulikana zaidi, inatafutwa dawa, sikio linatibiwa, na baada ya hapo watu wanamtawaza Masala Kulangwa kuwa ntemi. Mfuatano huu una maana kubwa. Utemi hautolewi mara tu jitu linapokufa. Unatolewa baada ya jeraha kushughulikiwa. Kuua kulimfanya kuwa shujaa. Kutibu jeraha ambalo hakulikusudia ndiko kulikomfanya mtawala. Yapo masimulizi mengine yanayosisitiza werevu wa kijana katika kuzikwepa hila za bibi kizee, na humo suala linakuwa la kujihami zaidi kuliko la kuponya. Tofauti hiyo haipaswi kusawazishwa. Msimulizi anayemponya bibi kizee na msimulizi anayemfanya kijana amshinde kwa akili wanaijibu swali moja kwa majibu mawili: mtu aliyeumizwa, mzee, mwenye hasira, mwenye kuogopwa, tumfanyeje?

Swali hili halikuanzia Usukuma. Katika ngano ya Wasotho iliyoandikwa na wamisionari wa karne ya 19, Litaolane, mtoto wa mwanamke pekee aliyenusurika, anamwua jitu Kammapa na kuwatoa watu tumboni. Nao, badala ya kumshukuru, wanamwandama kwa hila mpaka wanamwua. Wasotho, kwa maneno mengine, waliipa hadithi ile ile hatima ya msiba. Kinachoitofautisha ngano ya Kisukuma ni kwamba kinyongo cha waliookolewa kinakusanywa katika mwili wa mtu mmoja, mwanamke mzee, na kinapewa chanzo kinachoonekana kwa macho. Kwa kuwa chanzo kinaonekana, kinaweza kutibiwa.

Hadithi iliyopinduliwa

Sasa tuigeukie historia. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilifanya kosa kumtuhumu mtu kuwa ni mchawi, lakini pia ilimpa mkuu wa wilaya mamlaka ya kumwamuru mtuhumiwa aishi mahali pengine. Kwa miongo mitatu, watemi na maofisa wa kikoloni walitumia njia hiyo na nyinginezo za kimila kutuliza magomvi: kuhamisha, kuonya, kupatanisha. Njia hizo hazikuwa za haki kwa mtuhumiwa, jambo ambalo lisemwe wazi. Hata hivyo zilimwacha hai. Baada ya uhuru, mwaka 1963, utemi ulifutwa, na pamoja nao likafutika baraza ambalo mwenye kinyongo na mwenye hofu wangeweza kusimama mbele yake. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikawakusanya watu waliozoea kuishi mbalimbali, kila mji na mashamba yake, wakawa majirani wa ukuta kwa ukuta. Simeon Mesaki, mwanaanthropolojia ambaye amelichunguza suala hili kwa kina kuliko wengi, anayahusisha mabadiliko hayo na kuongezeka kwa mauaji. Kati ya mwaka 1970 na 1984 waliuawa nchini zaidi ya watu 3,000 kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu yao katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga.

Mauaji haya yanajulikana nchini kwa jina la mauaji ya vikongwe. Aghalabu yanaanzia kwa mganga mpiga ramli. Mtu amefiwa na mtoto, au ng'ombe wake wamekufa, au mavuno yake hayakutosha ilhali ya jirani yametosha. Anakwenda kwa mganga, naye mganga anamsimulia hadithi. Inafaa kutumia neno hilo, kwa sababu ramli ni utungo wenye wahusika, msuko na kilele, na ni mfupi. Ila unaanzia mwisho. Kwanza iko hasara, ambayo ni hatima iliyokwisha kutimia. Kisha linabuniwa tukio lililoisababisha, mathalani dawa iliyofukiwa usiku au chakula kilichotiwa sumu. Na mwisho anatafutwa mhusika wa kulibeba tukio hilo. Mganga si lazima amtaje jina. Inatosha aseme kwamba ni mwanamke, ni mzee, anakaa upande fulani wa kijiji, na ana macho mekundu.

Macho mekundu hayahitaji uchawi. Mwandishi wa insha hii aliisikia ngano ya Masala Kulangwa kwa mara ya kwanza kutoka kwa bibi aliyepikia kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe, katika nchi ambayo miti ilikuwa imekatwa mpaka Hifadhi Ardhi Shinyanga ilipoanza kuirudisha tangu mwaka 1986. Na kwa moshi wa miaka mingi macho yake yalikuwa mekundu daima. Alipofika kwenye sikio alikuwa akicheka.

Tukizilinganisha hadithi hizi mbili, tofauti inaonekana katika mahali pa jeraha. Katika ngano, kikongwe ameumizwa na mwingine ndiye mwenye deni. Katika ramli, aliyefika kuagua ndiye aliyeumizwa na kikongwe ndiye mdaiwa, ingawa hakuna aliyemwona akitenda lolote. Ngano inamwuliza mhusika: hili limetokea, sasa utafanya nini? Ramli inamwuliza: hili limetokea, je, ni nani? Swali la kwanza linamrudisha mhusika kwenye uamuzi wake mwenyewe. La pili linamwondolea uamuzi, kwani jibu likishatolewa linalobaki ni utekelezaji, nao mara nyingi huuzwa kwa vijana wa kukodiwa wenye mapanga. Sungusungu, walinzi wa jadi walioanzia maeneo ya Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, walifanikiwa kupunguza wizi wa ng'ombe uliokuwa umeishinda polisi. Lakini nao, katika baadhi ya vijiji, waliwaandama wanawake waliotajwa kuwa wachawi. Hadithi iliyopinduliwa ilikuwa imeingia barazani.

Waziri na mahabusu

Lipo tukio moja la historia ya Shinyanga linalofanana na sikio la kikongwe kiasi cha kumfanya mtafiti ajihadhari. Mwaka 1976 serikali ilianzisha operesheni ya kuwakamata watu walioshukiwa kuhusika na mauaji ya kishirikina katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Nia yake ilikuwa kuwaokoa wazee. Katika utekelezaji, baadhi ya washukiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na wengine wakafia mahabusu. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuwapo katika vyumba vile wala hakuamuru mateso. Mwanzoni mwa mwaka 1977 alijiuzulu.

Kwa kipimo cha kawaida cha siasa, huo ungekuwa mwisho wake. Mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Insha hii haidai kwamba kujiuzulu ndiko kulikompeleka Ikulu. Zilikuwapo sababu nyingine nyingi, zikiwamo nafasi yake Zanzibar baada ya msukosuko wa 1984 na uamuzi wa Mwalimu Nyerere wa kung'atuka. Linalohusu hapa ni namna tukio linavyosimuliwa. Watanzania wengi wanapomtaja Mwinyi hawakumbuki orodha ya nyadhifa zake. Wanakumbuka kwamba alijiuzulu kwa makosa ya waliokuwa chini yake, na wanasimulia hivyo kwa ufupi, kwa mfuatano ule ule wa ngano: jeraha lisilokusudiwa, uamuzi wa kulibeba, kisha utawala. Historia imesimuliwa kwa umbo ambalo masikio yalikuwa yamelizoea.

Ufanano huo una kasoro yake, nayo ni kubwa. Katika ngano sikio linatibiwa. Waliofia mahabusu hawakutibiwa, na hakuna kujiuzulu kwa mtu yeyote kunakoweza kuwa dawa yao. Pia mauaji ya vikongwe hayakukoma.

Duara

Dhahabu ya Geita ilichimbwa na wakoloni tangu miaka ya 1930, na mgodi wao ulifungwa mwaka 1966. Huko Mwadui, Shinyanga, mwanajiolojia wa Kikanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Hata hivyo, mabadiliko yaliyougeuza ukanda huu kuwa nchi ya wachimbaji wadogo yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali ilipolegeza biashara ya madini, na hasa mwaka 1990, Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu moja kwa moja kutoka kwa wachimbaji. Maelfu ya vijana waliacha pamba na ng'ombe wakaingia machimboni. Mwaka 1996 wachimbaji wa Bulyanhulu waliondolewa ili kupisha mgodi mkubwa. Madai kwamba baadhi yao walifukiwa wakiwa hai mashimoni yalikanushwa na serikali na kampuni, na ubishi ukadumu kwa miaka. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na mkoa wa Geita ukaundwa mwaka 2012.

Ni rahisi, pengine rahisi mno, kusema kwamba mgodi ndio Shing'weng'we wa leo. Sitiari hiyo inavutia, lakini inakosea katika jambo la msingi. Shing'weng'we aliwafuata watu wakamezwa bila hiari. Mchimbaji huingia duarani kwa miguu yake. Amelazimishwa na ukame, na bei ya pamba, na idadi ya ndugu wanaogawana shamba la baba. Hata hivyo, asubuhi ile anaamua. Kwa hiyo mhusika wa machimboni ni mgumu zaidi kumsimulia kuliko waliomezwa katika ngano, kwa kuwa yeye ni aliyemezwa na pia ni aliyechagua.

Hatima yake nayo imefungwa ndani ya mfuko. Katika maduara mengi malipo hayatolewi kwa fedha bali kwa mgao wa mifuko ya mawe: mwenye eneo anachukua yake, mwenye duara na wagharimiaji wake wanachukua yao, na wachimbaji wanagawana iliyobaki. Hakuna ajuaye mfuko upi una dhahabu hadi mawe yapondwe karashani, yaoshwe mialoni na kukamatishwa kwa zebaki. Watu wawili walioshuka pamoja, wakatoboa mwamba mmoja, wanaweza kuondoka mmoja akiwa na fedha ya kununua ng'ombe kumi na mwingine akiwa na deni la chakula. Kazi yao ilikuwa moja, na uamuzi wao mmoja. Hadithi inayoheshimu uhusiano wa tukio, uamuzi na hatima inapata shida kubwa mbele ya mfuko huo, na ndipo neno bahati linapochukua mahali pa uamuzi.

Ramli ilijua kulitumia pengo hilo. Bryceson, Jønsson na Sherrington, katika makala yao ya mwaka 2010, wanaonyesha jinsi mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshamiri kuanzia miaka ya 2006 na 2007 yalivyohusiana na waganga waliowaahidi wachimbaji na wavuvi kuwa viungo vya watu hao huleta bahati. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14 kutoka Bukombe. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi. Mwezi uliofuata mtoto mchanga mwenye ualbino alitekwa Chato, mkoani Geita, akauawa. Kwa mtazamo wa umbo la hadithi, ramli hii ni tofauti na ile ya vikongwe. Ile ilianzia kwenye hasara iliyokwisha kutokea na kumtafutia mwenye kuilipa. Hii inaanzia kwenye utajiri ambao haujapatikana, na inamtafuta mtu atakayeulipia kabla haujaja. Anayeuawa hatuhumiwi kwa lolote. Hana hata nafasi ya mhusika mwovu. Ni kifaa cha hadithi ya mtu mwingine.

Masimulizi ya machimboni hata hivyo hayakuachwa yote mikononi mwa waganga. Mwezi Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama, likawafukia wachimbaji waliokuwa chini. Ndugu walikwisha kata tamaa. Siku 41 baadaye, katikati ya Novemba, wachimbaji wenzao walisikia sauti, wakachimba, wakawatoa watu watano wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula wadudu, vyura na magome ya miti, na kwa kunywa maji yaliyodondoka. Mwenzao mmoja alifia chini. Kati ya watano waliotolewa, mmoja alifariki hospitalini siku chache baada ya kuokolewa.

Kisa hiki kilienea nchini kote kama muujiza, na kwa sehemu kubwa kilisimuliwa hadi pale watu walipotoka shimoni, yaani hadi pale ambapo ngano ya Masala Kulangwa ingekuwa imeishia kama sikio lisingekatwa. Kifo cha hospitalini kilipewa nafasi ndogo zaidi. Wasimulizi wa Kisukuma wangekielewa. Ngano yao inajua kwamba kutoka tumboni ni tukio jipya lenye majeraha yake, na kwamba aliyetolewa bado anahitaji mtu wa kumtafutia dawa. Inajua pia shida ya mchimbaji anayesikia sauti chini ya miguu yake: kila pigo la sururu linalomkaribia mwenzake laweza kumfungulia njia au kumwangushia mwamba, na hawezi kuacha kupiga.

Liko jambo moja ambalo hata masimulizi yanayomponya kikongwe hayalisemi. Mama wa shujaa ana maneno yake, nayo hurudiwa kila mnyama anapouawa, na hadhira huyaitikia. Shujaa ana jina. Kikongwe hana jina, na baada ya dawa kupatikana hatajwi tena: hatuambiwi alirudi kwa nani, nani alimjengea nyumba, wala kama majirani wapya, waliotoka naye katika tumbo lile lile, waliendelea kumwangalia macho yake. Ntemi anatawazwa, ngoma inapigwa, na msimulizi anainuka kuongeza kuni motoni.